Mume wangu ananitia aibu kwenye rampu ya boti. Nimwambieje?

Shikamoo mshauri.

Naomba jina langu lisitokee, maana Watanzania wa Minnesota tunajuana, na boti nitakayoisimulia wengi wameshaipanda. Mimi ni dereva wa basi la shule. Mume wangu anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Ni mtoto wa Musoma, baba yake alikuwa mvuvi, na tangu tuhamie huku hapiti kando ya ziwa bila kusema, "Ningekuwa na chombo mimi!" Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, yeye na rafiki zake wawili wakachanga pesa, wakanunua boti ya aluminiamu ya futi 17 iliyokwishatumika, yenye injini ya nguvu farasi 50, pamoja na tela lake. Nilimuunga mkono, na watoto walifurahi sana.

Tukishakuwa majini sina neno, yule mtu ni fundi. Shida iko nchi kavu, kwenye rampu ya umma, ile njia ya zege inayoteremka ziwani ambayo kila mtu hushushia na kupandishia boti yake.

Jumamosi moja ya Juni tulifika kwenye ziwa lililo magharibi ya jiji saa nne asubuhi. Foleni ilikuwepo. Zamu yetu ilipofika, mume wangu akarudisha tela mpaka katikati ya rampu, akazima gari, akashuka, ndipo akaanza kufungua turubai la boti. Turubai likakunjwa palepale. Likafuata deli la vinywaji, mkaa, viti, na boya kubwa la watoto ambalo lilijazwa upepo kwa pampu ya mguu hapohapo. Rafiki zake walikuwa wanapiga picha. Mwanangu wa kiume, ana miaka 16, akaninong'oneza, "Mama, watu wanatutazama." Kweli walikuwa wanatutazama.

Boti ilipoingia majini ikaanza kujaa. Kizibo cha nyuma, kile cha tundu la kutolea maji, kilikuwa kimesahauliwa ndani ya gari. Ikabidi boti irudishwe juu ya tela, tela livutwe, tusubiri maji yatoke yote kwa katundu kale kadogo, kisha tuanze upya. Na katika kuanza upya tela likawa linajikunja, mara kushoto, mara kulia, mpaka mzee mmoja mzungu akatoka kwenye pikapu yake akasema kwa sauti kwamba watu wakajifunze kwenye uwanja mtupu kwanza. Mwingine, naye mzungu, akaja kwa upole akauliza kama tunahitaji msaada. Mume wangu akawapa wote wawili jibu moja, tena si zuri.

Jioni aliifunga boti katikati ya gati, tukateremka sote, akaenda kuchukua gari huku anaongea na simu. Boti za watu zikawa zinazunguka zikisubiri. Kisha akaipandisha boti kwenye tela kwa moto wa injini, matope yakiruka nyuma, wenzake wakishangilia. Pale pa kutokea binti mmoja mkaguzi akatusimamisha. Akasema tuondoe majani yaliyoning'inia kwenye ekseli na tutoe kizibo kabla hatujaingia barabarani. Mume wangu akasema huo ni ubaguzi, maana gari lililotutangulia lilipita. Mimi sikuliona vizuri hilo gari kujua kama lilikuwa na majani.

Njia nzima alikuwa anasema, "Hawa hawataki kutuona ziwani, basi." Sikumpinga, kwa sababu najua ubaguzi upo. Umenipata kazini, na yeye umempata. Lakini najua pia kwamba ningekuwa mimi niko nyuma kwenye ile foleni, ningekasirika.

Mwanangu amesoma mtandaoni yale mafunzo ya kibali cha kuendesha chombo cha majini, kibali ambacho jimbo limeanza kuwadai vijana tangu 1 Julai 2025. Anajua mengi tunayokosea. Alipojaribu kumweleza baba yake aliambiwa, "Babu yako alivua sangara hujazaliwa, wewe ndiye utakayenifundisha boti?" Sasa kijana amesema haji tena. Nami nimewaza kwamba kupiga rivasi ndiyo kazi yangu, tena kwa basi refu kuliko gari na tela lao. Ningeshika usukani mambo yangeisha. Lakini mbele ya rafiki zake? Ataona nimemvua nguo hadharani.

Tarehe 4 Julai wamepanga kwenda tena, familia tatu pamoja. Nimwambie ukweli, nihatarishe amani ya nyumba? Nishike usukani? Au nibaki nyumbani na watoto, nimwachie ziwa lake? Na wale watu, walikuwa wabaguzi au tuliokosea ni sisi?

Mwenye aibu, Minnesota

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, dada yangu, na pole.

Nikikuelewa vizuri, una mume anayejua maji na asiyejua rampu, na kila anayejaribu kumwonyesha tofauti hiyo anaishia kuonekana adui: mgeni wa pikapu, mkaguzi, hata mtoto wake mwenyewe. Unaogopa wa nne usiwe wewe. Hofu hiyo ina msingi. Mtu aliyezaliwa ufukweni akiambiwa hajui chombo, mbele ya mke, mwana na rafiki, anachosikia ni kwamba anafutiwa kwao. Ukienda kwake na orodha ya makosa, hata iwe ya kweli mwanzo hadi mwisho, atamsikia yule mzee akisema kwa mdomo wako.

Swali la ubaguzi umeliuliza kana kwamba lazima liwe ama hilo ama kosa lenu. Yanaweza kuwepo yote mawili, kwenye rampu ileile, dakika ileile. Anayekalia rampu Jumamosi asubuhi hukasirikiwa awe nani, na wenyeji hufokeana wenyewe kwa wenyewe kila wikendi. Lakini huyu akichelewesha anataniwa, yule akichelewesha anadhalilishwa, na hapo rangi inaweza kuingia bila mtu kuitaja. Moyo wa yule mzee hatuwezi kuupasua tukauangalia. Kitu kimoja tu kiko mikononi mwenu. Siku mtakapokuwa mmejipanga vizuri na bado mtu akawafokea, mtajua mnashughulika na nani. Na usimsahau yule wa pili, aliyekuja kwa upole. Jibu alilopewa lilikuwa la mwenzake.

Kuna jambo huenda mume wako hajapata nafasi ya kuliona. Mwaloni kule Musoma mchanga ni mpana. Mtumbwi unapakiwa mizigo ukiwa umeegeshwa, anayeingia baadaye anapita kando, na wa kusukuma wanakuja bila kuitwa. Hakuna anayesubiri nafasi yako. Rampu ya zege ina upana wa gari moja, au mawili ikiwa ya njia mbili, kwa hiyo watu wanagawana muda. Adabu yake yote inatoka hapo. Anayechukua dakika chache kwa sababu tela linamsumbua huvumiliwa na wengi, kwa kuwa kila mmoja aliwahi kusumbuliwa. Anayeanza kujiandaa akiwa tayari ameikalia njia ndiye anayewaudhi, kama abiria wa daladala anayeanza kutafuta nauli akiwa mlangoni. Hakuna aliyemfundisha mume wako haya. Wenyeji waliyajua utotoni, wakiwa wamekaa nyuma ya gari la baba.

Kazi nyingi basi hufanyika pembeni, kwenye maegesho kabla ya kuingia foleni. Turubai litoke huko. Mizigo yote ipande huko, watoto wavae majaketi ya kujiokolea huko (Minnesota aliye chini ya miaka 10 lazima avae boti ikiwa inatembea), na boya lijazwe upepo huko au baadaye majini. Mikanda miwili ya nyuma inayoibana boti kwenye tela ifunguliwe huko. Kizibo kiingizwe na kukazwa huko. Wanaosahau kizibo ni wengi kuliko wanaokiri, na dawa yake ni kukifunga kwa kamba moja na ufunguo wa injini, ili asiyekishika asiweze kuwasha. Kamba mbili zifungwe, moja mbele na moja nyuma. Plagi ya taa za tela ichomolewe kabla ya kuingia majini, kwa sababu balbu ya kizamani iliyopata moto ikiguswa na maji baridi hupasuka.

Vitu viwili visifunguliwe pembeni: mkanda wa winchi, ile mashine ya kuvutia boti kwenye tela, na mnyororo wa usalama ulio mbele. Hivyo vinabaki mpaka nyuma ya boti iguse maji. Mbao za tela zilizovikwa zulia zikilowa huteleza, na tela lenye vigurudumu vya kubebea boti huteleza hata likiwa kavu. Boti iliyofunguliwa mapema hudondoka juu ya zege mbele ya foleni nzima, na hapo dakika za kusubiri hugeuka saa.

Na kama mmetoka mbali, ule muda wa kupanga vitu pembeni unasaidia beringi za tela. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa ya moto na ikazamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, ule mpira wa kuzuia maji. Grisi inaharibika, na siku moja gurudumu linakwama barabarani.

Sasa rivasi. Dada, hapa naomba nikuulize kwa upole: umewahi kurudisha tela? Basi ni kitu kimoja. Ukikata usukani kulia, mkia wake unakwenda kulia. Tela limeungwa na gari kwa tufe la chuma, kwa hiyo ukikata kulia linakwenda kushoto. Uzoefu wako wa vioo, wa kupima nafasi na wa kutopaniki ni mali, lakini mikono yako itakudanganya mwanzoni kama ilivyomdanganya yeye. Shika usukani kwa chini, pale panapoelekea tumbo lako. Ukisogeza mkono kulia, tela litakwenda kulia. Sogeza kidogo, subiri lijibu, kisha lifuate. Tela fupi hujibu haraka kuliko refu, ndiyo maana ya boti ndogo husumbua zaidi. Likianza kujikunja usipambane nalo. Simama, vuta mbele futi kumi au kumi na tano mpaka linyooke, anza upya. Aliye kwenye foleni akiona hivyo anatulia, kwa sababu anamwona mtu anayejua afanyalo. Mnaweza kujifunza jioni moja kwenye maegesho matupu ya kanisa au shule, kwa ruhusa ya wenyewe. Pangeni chupa safu mbili zilizoachana futi 12, mrudishe hapo katikati mpaka chupa zibaki zimesimama.

Mkifika majini, kina kinategemea mteremko, lakini kwa boti kama yenu anzeni pale ambapo mbao za tela zimezama karibu zote na ncha za mbele bado zinaonekana. Mkizidisha, boti huelea kabla ya wakati na kukaa upande. Gari liwe kwenye P na breki ya mkono ivutwe, watoto wakiwa nje, madirisha yakiwa wazi. Mwenye kamba asimame juu ya gati. Mnyororo ufunguliwe kwanza, halafu winchi, boti isukumwe. Mwenye kamba aivute kandokando mpaka mwisho wa gati, palipo mbali na rampu, na dereva aondoke wakati huohuo. Asingoje kuona injini ikiwaka. Waliojiandaa pembeni humaliza yote haya ndani ya dakika tano.

Jioni mambo yanageuka. Gati ni la kuteremkia na kupandia tu, kwa hiyo ashuke dereva mmoja, na boti isogee pembeni au ikae ncha ya mwisho. Gari ndilo linaloshika zamu kwenye foleni. Kama giza limeanza, taa kubwa zizimwe mkiwa mnarudi nyuma, kwani zinampofusha anayerudi kwenye njia ya pili. Muziki nao upunguzwe, mwenye kamba asikie anachoambiwa.

Kuhusu kupanda kwa moto wa injini nitakuwa mkali kidogo. Kunapendeza kutazama na ni uharibifu mtupu. Propela inasukuma maji kwa nguvu mahali pamoja, pale zege linapoishia. Mchanga unachimbika, shimo linatokea, na mchanga uliochimbwa unajikusanya mbele kidogo kama tuta. Kiangazi maji yakipungua, mtu mwingine anarudisha tela lake, magurudumu yanapita mwisho wa zege na kutumbukia, naye anavuta mpaka ekseli inapinda. Boti nyingine inakwaruza tumbo kwenye tuta. DNR, idara ya maliasili ya jimbo, huwaomba watu waache tabia hiyo. Pitisheni boti polepole mpaka ishike mbao, zimeni injini, inueni mguu wake, malizieni kwa winchi ya mkono. Ni dakika moja ya ziada. Mtu asisimame kwenye mstari wa mkanda wa winchi ukiwa umekaza. Boti ikishafungwa mbele, ondokeni rampuni kabisa. Mikanda, taa, kuhesabu watoto na ndoano, vyote vifanyike juu.

Huko juu ndiko anakosimama yule binti mkaguzi. Alichowaomba ni sheria ya Minnesota, hakukibuni yeye. Majani yote ya majini hutolewa kwenye boti na tela kabla ya kuondoka, kizibo hutolewa, na kinabaki nje safari nzima hata kama boti inaonekana kavu. Maji ya chambo nayo humwagwa, na chambo kisichotakiwa hutupwa kwenye taka. Sababu mojawapo ni kome milia, viumbe wadogo waliogunduliwa bandari ya Duluth mwaka 1989 na ambao sasa wamo katika maziwa mengi ya jimbo. Wakiwa wachanga hawaonekani kwa macho, wanasafiri ndani ya maji yaliyobaki tumboni mwa boti.

Na hapa, dada, nadhani pana mlango wa kuingilia kwa mume wako. Aliyekulia Musoma hahitaji kuelezwa mmea mgeni unaweza kulifanyia nini ziwa. Magugu maji ya miaka ya 1990 yalifunga ghuba za Victoria mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Yeye ana haki ya kuzungumzia jambo hilo kuliko karibu kila mtu aliyekuwa kwenye ile foleni. Muulize alivyoyaona, au baba yake aliyaonaje. Msikilize kweli. Huenda ekseli yenye majani akaikumbuka mwenyewe, huenda asiikumbuke. Usimvutie huko kwa nguvu.

Njia zilizo mbele yako ni kadhaa, na kila moja ina gharama.

Unaweza kumwambia mwenyewe. Wakati una maana kubwa. Asiwe ametoka zamu, asiwe na wenzake, na isiwe asubuhi ya safari. Zungumza kuhusu safari ijayo, acha ile iliyopita. "Tukiwa familia tatu tugawane kazi kabla hatujafika, nani gari, nani kamba, nani mizigo" ni sentensi isiyomshtaki mtu. Hatari yake ni kwamba ataisoma nia yako na kusema umeanza kuwatetea wazungu. Akisema hivyo, unaweza kumkubalia kwamba ubaguzi upo, maana unaujua, bila kuiacha hoja yako. Hujalazimika kuchagua moja.

Unaweza kupitia kwa mmoja wa wale rafiki wawili, kwani boti ni yao pia, na ekseli ikipinda watalipa wote. Mwanaume hupokea mengine kwa mwenzake kwa urahisi zaidi. Lakini akigundua kwamba ya nyumbani yalianzia nje, jeraha litakuwa kubwa kuliko lile la rampu. Wewe ndiye unayemjua. Angevumilia?

Kushika usukani kuna sura nyingine usiyoiandika. Kwenye rampu za Minnesota mke kuendesha gari na mume kuwa kwenye boti ni jambo la kila siku, wala hakuna anayegeuza shingo. Kwa mpango huo yeye anabaki nahodha, mahali anapong'aa, na wewe una zege. Tatizo ni lile la tela nililokwambia. Ukilijaribu kwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai na likakukunjia, mtaaibika wawili. Mkifanya mazoezi pamoja kwenye maegesho, yeye akikuelekeza na wewe ukimwelekeza, huenda mkagundua nani ana mkono mwepesi bila mtu kutangaza.

Kubaki nyumbani hakukufanyi mwoga. Huenda unahitaji kupumzika na haya mambo. Ila pima atakavyokuelewa usipomwambia sababu, na ni nani atakayekagua majaketi ya watoto kama watakwenda bila wewe. Kama kinachokutisha ni umati, kuna njia ya katikati. Mnaweza kwenda siku ya kazi jioni, siku asiyo na zamu, au alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Minnesota ina zaidi ya maziwa 10,000, na nyingine zina rampu zisizo na foleni. Kujifunza kuna raha yake pasipo na mtazamaji.

Kuhusu kijana, umesema hataki kuja tena. Ni rampu anayoikimbia, au ni lile neno aliloambiwa? Kama ni neno, kuipanga rampu vizuri hakutalifuta. Nisingependa awe mjumbe kati yenu wala mwalimu wa baba yake. Lakini kizibo, kamba na majani vinaweza kuwa kazi yake, aliyopewa na baba mwenyewe kwa kinywa chake. Uliza moyo wako kama mume wako yuko tayari kumpa.

Mtu akija kusaidia, mume wako anaweza kupokea bila kushuka cheo. "Asante, nishikie kamba hii" inatosha. Mpeni kamba, msimpe winchi. Na mtu akiwatukana kweli, msijibizane boti ikiwa nusu majini na watoto wakiwa kati. Malizeni, ondokeni njiani, kisha andikeni namba ya gari na mpigie simu ofisi ya sherifu wa kaunti, ambayo ndiyo hupiga doria majini.

Kama bado unatafuta pa kuanzia, lipo jambo moja la tarehe 4 ambalo halimlaumu yeyote. Karibu na nyuma ya boti, upande wa ndani, tafuteni kibati kinachotaja idadi ya watu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Familia tatu kwenye futi 17 hazitatosha kwa pamoja. Mtakwenda kwa zamu, na kila zamu itataka gati, kamba, majaketi ya saizi tofauti na mtu mzima wa kubaki ufukweni na wanaosubiri. Mwombe mume wako mkakisome pamoja wiki hii, boti ikiwa bado uani, kisha mkae na karatasi mwandike nani anapanda lini. Atakapouliza nani atakuwa kwenye gari, utakuwa umeshajua unataka kumjibu nini.